Aliyekaa Nyuma

Nilizinunua kwa mjane, mtaa wa tatu kutoka kwetu,
Winnipeg, mwezi wa pili, baridi ya kung'oa masikio:
ngoma tano, matoazi matatu, kiti kilichotoboka,
na sanduku la kanda ambalo sikuliomba.
"Chukua na hizi," alisema Doreen. "Zinajuana."

Sasa ziko chini ya nyumba, kati ya tanuri la joto
na mashine ya kufulia. Dirisha ni dogo kama sahani,
linaona viatu vya jirani, na theluji, basi.
Mchana kutwa nakunja mashuka ya hospitali;
saa mbili usiku navaa raba,
nachomeka kanda, nakaa.

Kwanza huja ule mchakacho wa utepe,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.
Kisha gitaa, chafu, la miaka ya sabini,
la wanaume wenye nywele ndefu na suruali za kubana
waliodhani hawatazeeka.
Mwimbaji analia. Mwenye gitaa anapanda mlima
asiotaka kuushuka.
Lakini mimi simfuati huyo.
Namtafuta yule wa nyuma,
ambaye jina lake kwenye jalada
ni dogo kuliko la mpiga picha.

Huyo hafanyi kitu.
Yaani anafanya kitu kimoja,
halafu anakifanya tena,
du, ta, dudu, ta,
na kila akirudi ni kama mtu aliyefika kwake
akatundika koti kwenye msumari uleule.
Pigo la pili analichelewesha
kiasi cha unywele,
si kwa uvivu: kwa adabu,
kama mgeni anayesubiri mwenye nyumba aketi.
Na kati ya mapigo, sikiliza vizuri,
kuna vijipigo vingine, vya kunong'ona;
kijiti kinaigusa ngozi
kama unavyogusa paji la mtoto
kuona kama homa imeshuka.

Nilidhani hiyo ni kazi rahisi.
Wiki tatu nilishindwa.
Mkono wa kulia unajua, wa kushoto una haraka zake,
mguu ndio kabisa,
mguu ni mpangaji asiyelipa kodi.
Tukifika ubeti wa tatu nakimbia:
kanda iko pale, mimi nusu hatua mbele yake,
peke yangu,
kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Pembeni mwa ngoma ndogo Orest aliacha kipande cha plasta,
neno moja kwa kalamu ya risasi: Punguza.
Nililisoma kama amri ya mwalimu.
Nikapunguza. Nikatoa madoido,
nikatoa hata toazi la tatu, nikaliegemeza ukutani.
Kwetu tuliambiwa ngoma ikivuma sana itapasuka;
hakuna aliyetuambia
isiyovuma inafanya nini usiku kucha.
Inabeba.
Wengine wanacheza juu yake
na hawaangalii chini.

Jumamosi Doreen alileta ufunguo wa kukazia ngozi,
ameukuta mfukoni mwa koti la marehemu.
Sikumsikia akishuka.
Nilikuwa ubeti wa pili, tanuri likawaka kwa saa yake,
Nassoro juu anaburuta kiti,
na kwa mara ya kwanza vyote viliingia,
vikakaa.
Nikamwona kwenye ngazi, mkono ukutani,
kisigino cha buti kikishuka, kikishuka,
theluji ikimyeyukia miguuni.
Halafu ubeti wa tatu. Nikakimbia.

Akacheka mpaka akakaa.
"Hapo hapo," alisema. "Miaka arobaini,
Orest alikuwa anakimbia hapo hapo."

Akauweka ufunguo juu ya ngoma.
Nikarudisha kanda nyuma.