Hapa Hayupo

Mwanangu Arafa kapiga magoti jikoni,
hapa Middlesbrough, mvua ikigonga dirisha;
anazigeuza chupa moja moja, kitako juu,
anatafuta kipicha cha sungura.

Hapa hayupo. Hapa hayupo.
Na hapa, mama, hayupo.

Shampuu yangu ya miaka tisa, dawa ya choo,
sabuni ya buluu inigandayo mikononi nikitoka zamu,
zote kazipanga mlangoni kama wageni waliokosa adabu.

Nikamwambia: sungura niliyesimuliwa mimi
hakamatiki. Humwacha simba na manyoya mdomoni.

Akajibu: huyu kabanwa shingo.
Hutiwa tone jichoni, na hana mkono wa kupangusia.

Nikalikumbuka povu lililoniingia juzi,
nilivyolikimbilia bomba nikimwita mama yangu,
mtu mzima mimi.

Sikuzimwaga; pesa ni pesa. Nitazimaliza.
Lakini leo sinki nimelisugua kwa siki na magadi,
nyumba nzima inanuka achari,

na kwenye chupa mpya, ghali kwa pauni moja zaidi,
sungura karuka.
Nimeiweka kaelekea mlangoni.