Uzito wa Hakuna Kitu

Karatasi yangu imeandikwa: hakuna kitu.
Daktari aliinua ile radio kwenye mwanga wa dirisha,
mbavu zangu zikaning'inia pale kama nguo za mtu mwingine,
akasema, Mama, hakuna kitu,
akaniandikia parasetamo za siku tano.

Basi nikabeba hakuna kitu hadi Kadutu,
nikapanda nacho ngazi za udongo
ambazo miaka yote nazipanda na unga,
kilo hamsini, kamba kwenye paji la uso.
Unga naujua. Unga una mwisho:
unafika dukani, unatuliwa, unalipwa,
mwenye duka akipenda.
Hiki hakina duka.
Kinaanza shingoni, kinashuka bega la kushoto,
kinalala chini ya titi kama kaa lililosahauliwa jivuni,
na usiku, watoto wakishalala,
mtu asiyeonekana huja kulipuliza.

Alhamisi. Ukumbi wa kwaya, mabenchi yamesukumwa ukutani,
ngoma zimefunikwa kitenge.
Tuko kumi na mmoja.
Ntakwinja, anayetuongoza, hakuuliza nani alitufanya nini.
Aliuliza: Inauma wapi?
Nsimire akasema sisimizi wanatembea ndani ya fuvu lake,
tena wana njia yao, sikio hadi sikio.
Vumilia akasema tumbo humgeuka
kila pikipiki inapozimwa usiku karibu na nyumba.
Mama Cibalonza, mwenye meno manne na ulimi mzima:
Mimi ni miguu. Inawaka moto.
Ila leo nimekuja kwa sababu ya chai.
Tukacheka. Kicheko kikaniuma begani.

Kisha karatasi zikatoka, kwenye sidiria, kwenye pindo za vitenge,
kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu.
Kawaida. Kawaida. Hakuna kitu. Kawaida.
Tukazitandaza mkekani, tukazitazama
kama wacheza karata waliogawiwa wote karata ileile.
Na mimi nilidhani mwongo ni mimi peke yangu.

Laleni. Fumbeni macho; asiyetaka, asifumbe.
Kunja ngumi. Kaza,
kaza kama umeshika kamba ya mbuzi wa watu.
Hesabu hadi tano.
Achia.

Mvua ikashuka mabatini, hesabu ikapotea,
kila mmoja akaachia kwa saa yake.
Mkono wa Vumilia haukuachia.
Tuliuona wote, hata tuliofumba macho.
Ntakwinja hakuuvuta. Aliketi kando yake
kama unavyoketi kwenye kizingiti cha jirani aliyefiwa,
hodi hupigi.
Kidole cha mwisho kwanza.
Mvua ikapungua.
Kisha kile cha pete.
Vitatu vilivyobaki alirudi navyo Bagira, vimefumba.

Mama Cibalonza alikoroma hadi chai ikapoa.
Hakuna aliyethubutu kumwamsha:
binti yake alituambia hajalala mchana wala usiku
tangu mahindi yalipokuwa maua.

Sijapona. Nisikudanganye.
Kaa liko palepale, mpulizaji bado anaijua njia.
Lakini jana, kutoka Muhanzi, gunia mgongoni,
katikati ya ngazi, pale bomba linapovuja,
niligundua nimeuma meno.
Tangu lini? Tangu asubuhi?
Tangu mwaka ule?
Nikajiambia polepole, kwa sauti ya Ntakwinja,
achia,
na taya likashuka.

Gunia lilibaki kilo hamsini.
Nyuma yangu kijana mwenye kreti za bia akafoka,
Mama, sogea, unafunga njia!
Manyunyu yalikuwa yameanza.
Nikasimama kidogo tena, kinywa wazi,
mvua ikiingia.