Hana Jambo

Alinifungulia mlango, akauliza: hujambo?
Nami mtoto wa Llanelli, niliyelelewa na mama
aliyezika mume Jumanne, Jumatano akaanika nguo,
nikajibu nilivyofunzwa:
sijambo.
Akaandika.

Barua ilikuja Februari, bahasha ya kahawia,
kurasa thelathini na mbili. Ukurasa wa tisa:
"Alitembea mita kumi na mbili bila shida."
Ukuta haukutajwa.
Ule ukuta nilioupapasa njia nzima
kama mtu atafutaye swichi gizani,
haukutajwa.
"Ana mbwa, kwa hiyo anaweza kuinama."
Mbwa ni wa Idwal, kaka yangu.
Mbwa ndiye huinuka kwangu.
"Alitabasamu."
Alama mbili, za miwani. Wanataka nane.

Tuliomba waitazame upya.
Wakaitazama upya
kwa macho yaleyale.

Menna ana ofisi juu ya duka la mikate,
ngazi kumi na tisa, lifti hakuna.
Akashuka yeye, tukakaa kati ya mashine za kufulia.
Akasema: usiniambie unachoweza.
Niambie unachoweza mara ya pili.
Na ya tatu. Na kesho yake unaamkaje.
Mashine ikaanza kukamua, meza ikatetemeka
kuliko mkono wangu, na kwa dakika nne
sikuwa na haja ya kuuficha.

Akanipa kazi: andika kila siku.
Daftari ni la mpwa wangu, lina dinosaria jaladani.

Jumatatu. Sufuria ilinitoka. Viazi viwili
bado viko chini ya jiko.
Jumanne. Nilioga.
Hiyo ndiyo Jumanne yote.
Alhamisi. Sikuandika, vidole.
Ijumaa. Nililia kwa ajili ya kizibo.
Chupa ya dawa ya vidole,
kizibo chake kinataka vidole.

Mama alianika nguo safi.
Mimi naanika chafu, moja moja, kwa tarehe,
nakala tatu, kila ukurasa na namba yake,
watu nisiowajua wapite chini wakisoma.
Nisamehe, Mama. Sikupata kamba nyingine.

Jioni Idwal huwa jaji.
Taulo la vyombo mabegani, mwiko mkononi,
miwani ya kusomea puani, mbwa ndiye karani.
"Bibi Prothero, unaweza kupika?"
"Naweza."
Mwiko mezani, paa!
"Tena. Unaweza kupika?"
"Naweza, ila—"
Paa! Mbwa akakimbilia ukumbini.
"Glenys," akasema, akavua taulo,
na sauti ikawa ya kaka tu,
"anza na ila."

Anza na ila.
Miaka sita nimeiweka mwisho wa sentensi,
pale watu wanapokuwa wameshavaa makoti.
Nimeilaza usiku kitandani, upande wangu wa kushoto.
Wageni wakija naifunika kwa blanketi
na kuwaambia chai iko tayari,
chai ambayo nilianza kuichemsha saa nne.

Leo mvua. Teksi imetushusha mlango usio wetu.
Mkongojo unateleza sakafuni, vigae vipya, vinang'aa.
Chumba ni kidogo kuliko nilivyokiota:
jagi la maji, boksi la tishu,
watu watatu nyuma ya meza ndefu,
jaji, daktari, na mama mmoja katika kiti cha magurudumu
ambaye kabrasha langu amelibandika vikaratasi vya njano
hadi limekuwa kama kuku.
Jaji ana mafua. Anapenga, anaomba radhi,
anainua uso. Ni mtu mpole, na hilo linanitisha zaidi.
"Karibu, Bibi Prothero. Hujambo?"

Neno likapanda lenyewe,
limechana nywele, limevaa viatu vya kanisani,
likafika hadi kwenye meno.
Nikalibana hapo.
Nyuma yangu Idwal hakuwa na mwiko.
Nilisikia tu pumzi yake ikisimama.

"Ninalo," nikasema.
"Jambo ninalo.
Ila naomba kwanza nikae."