Alhamisi

Kipya kinyemi, husema watu.
Mimi naugua ugonjwa wa kinyume.
Nikipita Beaumaris siku ya kutupa makorokoro
napunguza mwendo wa gari kama mwizi,
natazama miguu tu:
ile myembamba, iliyochongoka kuelekea chini,
inayosimama kwa kujitanua kidogo
kama ndama aliyezaliwa asubuhi hii.

Nyumba imejaa. Mke wangu Glenys
amebandika utepe mwekundu sakafuni.
Huku viti, kasema, huku binadamu.

Lakini hivi sita ni habari nyingine.
Vilizaliwa mwaka hamsini na sita
katika karakana nyuma ya duka la mikate, Collingwood,
mikononi mwa seremala aliyeshuka melini na patasi saba
na maneno ya Kiingereza yasiyofika saba.
Imants. Jina lake la pili wameshakula mchwa.
Alipenda mti mweusi wa Tasmania,
ambao si mweusi hata kidogo:
ukishikwa na jua hugeuka chai ya rangi.
Aliufukiza mvuke, akaupinda
mpaka ubao ukaujua uti wa mgongo wa mtu.
Na chini ya kila kiti, pasipotazamwa,
aliandika kwa penseli, kwa Kilatvia,
siku aliyokimaliza.

Jumatatu nilimpata mnadani, Ballarat,
bei ikapanda mpaka mkono ukanitetemeka.
Jumanne na Jumatano walikuwa kwa daktari wa meno,
wamevishwa plastiki ya kijani,
wamesikiliza vilio vya nusu karne.
Ijumaa alikuwa chini ya paka.
Jumamosi, mguu mmoja hana; nikamchongea mwingine.
Wageni hawaujui ni upi. Mimi naujua hata gizani.

Alhamisi hakuwepo.
Miaka kumi na moja wiki yangu ilikuwa na pengo.

Kisha Wangaratta, mwezi wa Machi, joto la kukausha mate.
Bi Colleen Tranter akasukuma mlango wa banda
na huyo hapo, kati ya makopo na mashine ya kukatia nyasi,
ana madoa kama yai la kanga.

"Marehemu alipaka nyumba nzima amesimama juu yake,"
akasema, na kidole chake kikaanza safari.
"Kijani hii ni jikoni, mwaka wa mafuriko.
Nyeupe ni dari, dari zote, alichukia dari.
Hii ya njano..."
Akaifunika kwa kiganja.
"Chumba kidogo. Baadaye tukakipaka nyeupe."

Nilitaja bei. Akacheka.
"Nikikupa, nitapanda wapi kubadilisha balbu?"

Nikaenda dukani nikamnunulia ngazi.

Nyumbani nilimpindua Alhamisi juu ya meza.
Penseli ilikuwepo, imefifia, mkia wa herufi ya mwisho
umepinda kama wa mtu aliyeitwa chakula.
Nikachukua msasa. Nina mikono ya kazi hii:
mbao nyingi zimenishukuru.
Dari ikatoka. Jikoni likaanza kutoka,
vumbi la kijani likatua kwenye kucha,
na chini yake ule mng'ao niliousubiri
ukafungua jicho moja.

Nikafika kwenye njano.

Sijui nilisimama muda gani.
Chai iliganda utando.
Doa lenyewe si kubwa, ukubwa wa kijiko,
na pembeni yake kuna alama ya kisigino,
kisigino cha mtu aliyejinyoosha
kufikia kona ya juu kabisa
ya chumba ambacho alikuwa na haraka nacho.

Wenzangu wa viti wakija Jumapili
huinama, huzungusha macho, hupiga magoti na tochi.
Watano wanasifiwa kwa majina yao.
"Na hiki? Bado hujakimaliza?"

Bado, nasema.
Nimekuwa nikisema bado tangu Machi.
Glenys hajasema kitu;
amekibeba tu, jioni moja, na kukivusha utepe.