Bibo Ametoka Wapi

Wananiuliza Bibo nimemtoa wapi.
Ofisini Dar walidhani nimemtoa Ulaya,
kwenye yale magari ya mbio, mapana, bapa,
matumbo yakibusu lami.
Nikawaambia: gari la namna hiyo
likipanda Newala, kona ya kwanza tu
linaacha utumbo juu ya jiwe.

Basi nitasema mara moja.

Mabega yake ni ya Pijo ya baba,
pikapu iliyobeba korosho za chama cha msingi
mpaka springi zikanyooka kama askari gwarideni.
Macho ni taa zake mbili, zimelegea pembeni
kama mtu aliyeamshwa alfajiri akachote maji bondeni
na bado anaidai ndoto yake.
Wekundu ni wa bibo lililoanguka lenyewe, si la kuchuma.
Rangi hiyo niliitafuta siku tisa kwenye kompyuta,
ya kumi nikaponda bibo juu ya karatasi
nikalipiga picha.
Na mgongo uliopinda? Kula korosho, utauona.

Mlio wake ndio wanaousifu.
Wapo wanaoapa ni silinda kumi na mbili.
Ni pampu ya salfa ya shangazi Asinati,
niliirekodi Kitangari, mwezi wa sita, chini ya mikorosho,
naye kajifunga kitambaa puani, ananifokea:
"Ondoka hapo, utapofuka!"
Vumbi la njano analoliacha Bibo akikata kona
ni salfa hiyo hiyo. Sikuongeza kitu.

Magurudumu ni ya kaka yangu, Mchopa.
Alikata kandambili za watu,
Ijumaa moja nusu ya safu ikatoka msikitini peku.
Akaunga waya, akafunga usukani wa ufito mrefu,
tukashindana mpaka ukingo wa Shimo la Mungu
ambako breki ilikuwa kisigino.
Bibo akifunga breki, tazameni vizuri.
Mtakiona kisigino.

Limebaki lile bonde la shavuni.
Mtayarishaji alitaka nilinyooshe:
"Shujaa hawi na kovu upande wa kamera."
Nilikataa, sikumweleza.
Usiku wa masika, barabara imegeuka uji,
baba anamkimbiza mama hospitali ya Ndanda,
Pijo ikateleza, shavu likala mti,
nami nikalia kabla honi haijanyamaza.
Hiyo ndiyo mbio ya kwanza ya Bibo,
na alishindwa,
kwa kilomita mbili.

Halafu mhariri akasahihisha maandishi:
*Gari limeshinda.*
Nikafuta, nikaandika *ameshinda*.
Akarudisha *limeshinda*.
Tuligombana kwa ngeli mpaka chai ikapoa,
yeye na kamusi yake, mimi na kidonda changu,
na hakuna aliyeweza kusema
kitu kikipewa macho
kinahamia lini upande wa watu.

Mwaka huu nilirudi nyumbani.
Pijo iko nyuma ya jiko, juu ya matofali,
kuku anaatamia kwenye kiti cha dereva.
Mchopa bado anahangaika na injini kila Jumapili,
anasema ni kabureta, miaka kumi na moja sasa
ni kabureta.

Akaja mtoto wa jirani, Shamila, ana miaka mitano,
kashika kipande cha muhogo.
Alisimama mbele ya taa.
Akatazama lile bonde, akaweka kiganja ndani yake,
kikaenea.
"Shikamoo, Bibo."

Kimya. Kuku akageuza shingo.

Mchopa akachomoa kichwa kwenye boneti,
grisi mpaka kwenye nyusi:
"Hilo limekufa, mwanangu. Limekufa zamani."

Mtoto akamtazama
kama unavyomtazama mgeni anayekosea lugha yako,
kwa huruma, bila kucheka.
"Hajafa," akasema. "Amelala."

Mchopa akanitazama mimi.
Kisha akaishusha boneti taratibu,
kwa mikono miwili,
asimwamshe.