Kipimo cha Siku ya Idi

Taibali amelifungua sanduku juu ya meza ya kioo,
duka la tatu ukishuka Shimanzi,
akaitoa kwa vidole viwili
kama mtu atoaye panya mtegoni.
"Bastola yenyewe ndiyo hii?"
Ndiyo hii. Vijana wa yadi waliibatiza wenyewe:
ina mtutu, ina kitufe cha kufyatulia,
ila haiui. Huuliza chuma, wewe nani?
na hujameza mate, chuma kimejibu.

Miaka sita. Imeonja propela na vali za meli,
masinki ya hoteli iliyofungwa Nyali,
mabomba ya Changamwe yasiyo na mwenyewe.
Kromi kumi na nane, nikeli nane: weka kulia.
Ikitokea molibdeni, usichekee,
mwagizie muuzaji chai, ndipo utaje bei.

Taibali hatafuti sifa, atafuta ila.
Betri moja haifiki adhuhuri.
Kidirisha cha mbele kimezibwa kwa utepe
(Kombo alikitoboa kwa ncha ya msumari, akaapa si yeye).
Cheti cha ukaguzi kimekwisha tangu mwaka juzi.
"Ukichukua mpya, hii naihesabu laki tatu,
na hapo nimekutazama uso."
Mpya siitaki, Bwana. Yadi nairudisha mwisho wa mwezi.
Nipe tano nijiondokee.
"Tano! Jicho hili lina mtoto wa jicho!"

Tukavutana hadi kahawa ikapoa.
Kisha akaingia kwenye kumbukumbu zake,
kidole kikipanda, kikishuka,
akasimama.
"Shaba nyekundu sitini na tatu, zinki thelathini na sita,
saa tatu asubuhi, siku ya Idi.
Yadi yako hufunguliwa Idi?"

Haifunguliwi.
Ilikuwa jikoni. Mama akitia tambi sukari,
bangili ameivua, ameiweka juu ya kopo la iliki,
bangili ya mahari, dhahabu ya babako,
nami na kiherehere cha mwenye chombo.
Sekunde mbili.
Hakuna dhahabu hata ya kupaka kucha.
Nikairudisha juu ya kopo. Tambi nikazila.

"Nifute?"
Akaanza na methali ile ya king'aacho,
nikamwomba asiimalize.

Maana babangu hakuwa na bastola.
Alikuwa na tupa, sumaku, na jiwe la kunolea la umeme.
Alisoma cheche: fupi nyekundu, ndefu zenye matawi.
Matawi ndiyo kaboni, na kaboni mashine hii haiioni,
kila kilicho chepesi hupita mbele yake kama hakikupita.
Shaba aliijua kwa kuinusa kiganjani, taa imezimwa.
Haiwezekani kuwa alipunjwa.
Alijua alichonunua.

Laki nne na elfu ishirini, noti zimefungwa mpira.
Futa, nikamwambia.
Akafuta vyote, elfu nne mia moja na kumi na saba.

Alhamisi hiyo nikamkuta Mama uani,
bakuli la ukwaju, jivu kidogo, kipande cha leso kuukuu,
asugua bangili kama asuguavyo kila Alhamisi
tangu nipate akili.
Nimesimama mlangoni, pesa kwapani,
nikimtazama kwa mara ya kwanza
mwanamke asafishaye kwa ukwaju
kitu ambacho, kingekuwa dhahabu, kisingeuhitaji.

"Umeuza?"
Nimeuza.
"Ngapi?"
Nikamtajia.
Akaiinua bangili penye mwanga, akaigeuza, akaigeuza.
"Wamekuibia," akasema,
akaivaa.