Kifaa Kinalia

Mlangoni pa jengo letu, Barabara ya Biashara,
Lokwang' hupitisha kile kirungu chake cheusi
kwapani, kiunoni, na kikifika gotini
kinalia.
Miaka minne kinalia.
“Madamu, bado unatembea na sufuria?”
“Bado. Na wali haujaiva.”
Foleni nyuma yangu inasonya.

Chuma hicho nilitiwa walipong'oa fupaja
lililotobolewa kama hindi na dumuzi.
Nilimaliza dawa, nywele zikaota upya, laini za kitoto,
nikanunua viatu vya kisigino. Sikuvivaa.

Julai, ile baridi ya Nairobi ya kukunja vidole,
Daktari Mwikali aligeuza skrini nione:
doa jeupe juu ya chuma, punje ya mchele.
Akasema, “Umerudi.”
Nilidhani ananikaribisha.

Dawa nyekundu tena, kiti kile kile cha dirishani,
mkojo mwekundu, ulimi wenye ladha ya sarafu.
Kando yangu Saumu wa Githurai, miaka kumi na saba,
akikokotoa hesabu huku dripu ikidondoka.
Mwezi wa Septemba mamake aliniletea rula yake.
Iko kwenye mkoba. Sijapima kitu.

Nyumbani walikaa kikao.
Kaka Onchari alitaka maombi kwanza, kisha kisu.
Mimi nilitaka kisu kwanza,
maombi yangekuja kwa miguu yake.

Walikata juu, karibu na nyonga, Jumanne asubuhi.
Usiku vidole visivyokuwepo vikaniwasha
nikakuna shuka.

Januari nilirudi kazini kwa magongo ya mbao.
Kirungu kikapita kwapani, kiunoni,
kikashuka hewani, palipokuwa na mguu.
Kimya.
Lokwang' akakigonga kiganjani, akidhani betri imekwisha.
Kisha akatazama sketi. Kisha ukuta.
Hakuna aliyesonya.

Wiki jana fundi wa viungo alinivika mguu mwingine,
bomba la alumini ndani, kiatu nambari thelathini na tisa.
Picha ya mwezi wa sita ilitoka safi.
Ya mwezi wa tisa haijapigwa;
siku hizi kalenda yangu ni hiyo.

Leo nimepanda ngazi moja moja, jasho mgongoni.
Kirungu kimefika gotini
kikalia hadi muuza magazeti ng'ambo akageuka.
“Sufuria,” Lokwang' amesema, sauti imemkwama.
“Mpya,” nimemjibu. “Sogea basi, watu wanangoja.”